Pongezi kwa Wasubu Risasi

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kile kinachotoka mtutuni. Basi nikiwasifu Wamarekani wanaojaza upya maganda yao kwa vichwa vya risasi walivyosubu wenyewe, lugha yetu imeshanitangulia.

Ninachowapongeza hasa ni jinsi wanavyolitafuta kosa. Mtutu ukiota utando wa kijivu na shabaha ikaanza kutawanyika, mgeni wa kazi hulaumu madini: laini mno! Anaongeza antimoni ili yawe magumu. Fundi mzoefu huanza na kipimo. Anasukuma kipande cha risasi laini ndani ya mtutu mtupu, taratibu, kinatoka kimechorwa mifereji yote. Anakipima kipenyo. Kwenye bastola ya .38 Special mara nyingi atakuta inchi .357, naye hutaka kichwa cha .358. Elfu moja ya inchi tu! Kichwa kikipwaya, gesi ya moto hupenya pembeni, huiramba risasi na kuipaka mtutuni. Ugumu hautibu kupwaya. Wakati mwingine huzidisha, maana kichwa kigumu hakitanuki kuziba pengo.

Elmer Keith, mfugaji wa Idaho, alikuwa wa shule hiyo ya subira, na majaribio yake yalichangia kuzaliwa kwa .44 Magnum miaka ya 1950. Wengine waliokota herufi kuukuu za matbaa, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, wakaziyeyusha kusubu vichwa.

Tena wasubu hawa hawaisahau sumu ya risasi. Chungu cha kuyeyushia hukaa penye hewa, hakuna kula karibu nacho, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.