Shaka Yenye Kipimo

Roboti yangu ya kwanza iligonga mguu wa meza huku yenyewe ikiamini imesimama mlangoni. Ilikuwa kidude cha magurudumu mawili, na hesabu niliyoipa ilikuwa nyepesi: gurudumu likizunguka mara moja, umesogea sentimita 20, zidisha, utajua ulipo. Hesabu haikuwa na kasoro. Sakafu ndiyo iliyokuwa ikiteleza. Kila gurudumu lilipoteleza, kosa jipya lilipanda juu ya la zamani, mpaka roboti ikawa inatembea katika chumba kisichokuwepo, nayo haina shaka hata chembe.

Kosa hilo ndilo lililonitia katika ufundi wa kukadiria, ambao mwanzo wake ni kubadili swali. Huulizi tena "niko wapi?" Unauliza, "naweza kuwa wapi, na kila mahali pana uzito gani?" Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, hawakusema mawingu ni mvua. Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, aliipa busara ya namna hiyo hesabu yake, na rafiki yake Richard Price akahakikisha imechapishwa mwaka 1763. Chukua uliloliamini kabla, lizidishe kwa jinsi linavyopatana na ushahidi mpya. Ndani ya kuzidisha huko kuna onyo: sifuri haifufuki. Ukishaandika kwamba jambo haliwezekani kabisa, hata ushahidi elfu hautakurudisha.

Nahodha aliijua kazi hii kabla ya kompyuta. Alihesabu mwendo na saa, akijua mkondo unamsukuma pembeni kwa kiasi asichokiona. Kisha akatupa bildi, akapima kina, akarekebisha makisio yake. Roboti hufanya hivyohivyo mara nyingi kwa sekunde: ikisogea, shaka hutanuka, ikitazama, shaka hunywea.

Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Marekani, alichapisha namna ya kuunganisha mwendo na utazamaji. Wahandisi wa NASA, Stanley Schmidt akiwa mstari wa mbele, waliifanya ifae safari za Apollo za kwenda mwezini. Uzuri wake unaonekana hata katika mfano mdogo. Magurudumu yanasema tumekwenda mita 10, na kosa lake la kawaida ni mita 2. Leza inasema mita 12, na kosa lake ni mita 1. Mgeni wa fani angemsikiliza mmoja na kumfukuza mwingine, au angekata katikati akapata 11. Chujio la Kalman hupima mashahidi kwa mraba wa makosa yao: leza inapata sehemu nne, magurudumu sehemu moja. Jibu ni mita 11.6, na kosa sasa limeshuka chini ya mita 1, dogo kuliko hata la leza peke yake. Niliporudia hesabu hiyo mara ya tatu niliweka kalamu chini. Shahidi dhaifu, kwa kuwa amekiri udhaifu wake, amemwongezea nguvu shahidi hodari.

Lakini nani atakuambia sakafu yako inateleza kiasi gani? Hakuna. Nilichukua chaki na tepu ya fundi, nikaituma roboti njia ileile mara 20, nikatia alama kila iliposimama. Alama zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Nikapiga magoti, nikaipima shaka kwa sentimita.

Kuna pia chujio la chembe. Hapo hubebi kisio moja. Unatawanya mamia ya makisio juu ya ramani, na kila chembe hudai roboti iko pale ilipo yenyewe. Zinazopatana na kilichoonekana huzaana, zisizopatana hufa. Mwaka 1999 Frank Dellaert, Dieter Fox, Wolfram Burgard na Sebastian Thrun waliijaribu njia hiyo kwa kumbukumbu za Minerva, roboti iliyowatembeza wageni katika jumba la makumbusho mjini Washington mwaka uliotangulia.

Hatari yake ni makubaliano. Chembe zote zikikusanyika kona moja, kisha mtu akaibeba roboti na kuiweka chumba cha pili, zitaendelea kuungana mkono kona ileile, kila moja ikiwa shahidi wa mwenzake. Dawa ni kupanda chembe chache kila hatua mahali ambapo hakuna anayepatarajia. Nyingi hufa bure. Siku roboti inapopotea, moja kati ya hizo ndiyo huijua njia ya kurudi.

Roboti yangu bado inapita karibu na meza ile. Ikishakwenda mbali bila kuona ukuta, hupunguza mwendo, hugeuka, hutazama, kisha huendelea. Kwenye kioo cha kompyuta chembe karibu zote zimejikusanya kando ya mguu wa meza, na ndipo roboti ilipo kweli. Mbili tatu zimesimama mlangoni, zimeng'ang'ania. Siziondoi.