Bluu Isigeuke Zambarau

Tuchukue kalenda ya shule inayosanifiwa Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, kisha ikapelekwa kuchapwa kwa ofseti Dar es Salaam. Pembeni ina bendera ya Taifa. Kati ya msanifu na mtambo kuna zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, kwa hiyo hawezi kusimama kando ya fundi akamwambia apunguze wino hapa au aongeze pale. Uamuzi wote lazima usafiri ndani ya faili.

Bendera hiyo, inayopepea tangu 1964, ina kijani, njano, nyeusi na bluu. Kwenye skrini rangi hizo huundwa kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mtamboni hutokana na wino wa aina nne, kila mmoja na pleti yake: siani, majenta, njano na nyeusi. Bluu ndiyo huwa ya kwanza kuharibika. Msanifu akichagua bluu kali ya skrini, halafu akaiachia Photoshop iibadilishe kwa mpangilio wake wa Kimarekani, anapata siani takriban asilimia 88 na majenta 77. Majenta yote hiyo! Karatasini inatoka zambarau, na Kigoma zambarau inajulikana ni ya chama cha siasa cha ACT-Wazalendo. Kalenda ya shule haina haja ya kuanzisha mjadala huo. Bluu ya bendera yetu inaelekea rangi ya anga, basi siani ibebe karibu kazi yote na majenta ibaki kidogo sana.

Nyeusi ni mtego mbaya zaidi, kwa kuwa skrini haiuonyeshi.

Nyeusi ya skrini ikibadilishwa kwa mpangilio uleule hugeuka siani 75, majenta 68, njano 67 na nyeusi 90. Jumla ni asilimia 300 ya wino mahali pamoja. Kwenye mstari mpana wa bendera, karatasi nzito ya kung'aa inaweza kuuhimili. Karatasi ya gazeti, ambayo kikomo chake huwa karibu 240, italowa. Kwenye tarehe ndogo ni balaa kabisa: pleti zikipishana hata sehemu ndogo ya milimita, kila namba inaota kivuli cha rangi. Tarehe zipewe nyeusi asilimia 100 peke yake, tena ichapwe juu ya rangi za chini bila kuzitoboa.

Kukagua hakuhitaji programu ya gharama. Scribus, inayopatikana bure, huonyesha kila pleti kivyake kabla ya kutoa PDF. Zima nyeusi pekee: zilipokuwa tarehe pabaki patupu. Vikionekana vivuli vya namba, nyeusi ya skrini bado imo.

Ukaguzi huo ni wa lazima hata kwa kitabu cha risiti cha rangi moja. Kikiachwa na nyeusi ya skrini, kinafika kiwandani kikidai pleti nne badala ya moja, na simu ya kwanza kutoka Dar es Salaam inakuwa ya bei.