Mbuzi Ikunjwayo

Mbuzi wa maziwa ni mnyama. Mbuzi ya nazi ni kifaa cha kukunia. Hiyo "ya" peke yake inamtosha mtu wa Likoni, Mombasa, kujua kama anatumwa zizini au jikoni.

Ukiitazama juu juu, mbuzi ni mbao mbili na kipande cha chuma chenye meno. Ikunjue ndipo uone kazi ya fundi. Ubao wa kwanza ni wa kukalia, na ncha yake ya mbele imebeba ulimi wa chuma. Wa pili ni mguu. Hupishana katikati kama herufi X, na hapo hupita msumari mnene au kijiti kigumu. Tundu likiwa pana mno, kiti hucheza na nazi humponyoka mtu. Likiwa jembamba mno, mbuzi haikunjiki. Ikikunjwa hulala bapa, ikatundikwa ukutani au kusukumwa uvunguni mwa kitanda. Kwa anayepanga chumba kimoja Kisauni, hilo si jambo dogo.

Zana za kukunjwa zina bingwa wake mashuhuri. Mwaka 1891 Karl Elsener, fundi visu wa Ibach nchini Uswisi, alianza kulipatia jeshi la nchi yake kisu cha mfukoni chenye wembe, msharasi, bisibisi na kifungulio cha makopo, ili askari aweze kula na kuifungua bunduki yake kwa kitu kimoja. Mwaka 1897 akasajili kisu cha maafisa, chepesi zaidi, kilichobeba zana sita kwa springi mbili tu, kwa kuwa springi moja ilitumikia zana za pande zote mbili za mpini. Dunia ilikisifu, na kilistahili.

Mbuzi haina springi hata moja. Kinachoishika imara ni mkunaji mwenyewe: akishakaa, uzito wake huzikaza mbao mahali zinapokomea, na ulimi hautikisiki tena. Akiinuka, imelegea, tayari kukunjwa. Mwili wa mtu umefanywa sehemu ya chombo, na kwa ubunifu huo fundi wa Pwani hana deni kwa Elsener.

Ulimi nao una ufundi wake. Mafundi wa jua kali huukata kutoka kwenye bamba la chuma, ncha wakaipanua iwe duara kama kijiko bapa, kisha tupa ikaanza kuchonga meno, moja baada ya jingine. Meno makubwa hung'oa nazi vipande vipande. Madogo yaliyo sawa huitoa kama unga mwororo, ambao ndio unaokamulika vizuri.

Mkunaji hukaa upande, sinia chini ya ulimi, akakizungusha kifuu kwa mikono miwili. Anaanza pembezoni, anaingia ndani, na anapoiona rangi ya kahawia anaacha, maana hiyo huchafua tui. Kisha ni zamu ya kifumbu cha kukamulia, na kasimile, yaani tui la kwanza, hutoka nzito, nyeupe.

Kote inakoota minazi watu wamebuni kiti cha namna hii, na wengine wamekiita kwa jina la mnyama pia: Wathai hukiita sungura. Siku hizi wauzaji wengi wa nazi wana mashine za mota, na katika soko kama Kongowea mteja mwenye haraka huondoka na nazi iliyokwisha kukunwa. Mashine inafaa kwa hoteli na kwa karamu. Kwa nazi mbili za wali wa nyumbani, na kwa siku umeme unapokatika, mbuzi ingali bora.

Basi anayeinunua asivutwe na nakshi kwanza. Aifungue mwenyewe, aikalie, ajisogeze kulia na kushoto, kisha apitishe kidole gumba juu ya meno, taratibu. Kiti kikiyumba, amrudishie fundi na kuchagua nyingine.