Fuvu la Bettiscombe: marehemu aliomba nini?

Kuna hadithi moja ya Waingereza ambayo husimuliwa ili kutisha watu, na mimi nasema wanaisimulia vibaya. Inahusu Bettiscombe, jumba la kale la wenye mashamba huko Dorset, kusini mwa Uingereza, lililokuwa la ukoo wa Pinney. Eti mtumishi mmoja mweusi, aliyeletwa kutoka visiwa vya Karibi, aliapa kwamba akifa hatatulia mpaka mwili wake urudishwe kwao. Wakamzika palepale, kwenye makaburi ya kanisa. Ikawa mayowe kaburini, mifugo ikafa, mazao yakaharibika. Wakafukua. Tangu hapo fuvu likakaa ndani ya nyumba, na atakayelitoa, wanasema, hamalizi mwaka.

Wasimulizi wanakazania yale mayowe. Lakini jamani, mtu kaomba nini? Kaomba kurudishwa! Katika hadithi nzima hakuna hata mmoja anayetafuta meli. Fuvu linarudishwa ndani, nyumba inatulia, basi, kesi imekwisha. Hapa kambini mzee akisema "nikifa mnipeleke nyumbani", mara nyingi hatuwezi, ila hakuna anayejifanya hakusikia.

Kinachoniuma zaidi ni historia yenyewe. Azariah Pinney alipelekwa kisiwa cha Nevis kwa nguvu baada ya uasi wa Monmouth dhidi ya mfalme James II, mwaka 1685. Naye aling'olewa kwao! Huko akatajirika, na ukoo wake ukamiliki mashamba ya miwa na watumwa wa kuyalima.

Miaka ya 1960 fuvu lilichunguzwa, likaonekana ni la mwanamke wa Ulaya wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wengine wakasema hadithi imekufa. Sikubali. Fuvu si lake, lakini watu kama yeye walikuwepo. Pero alinunuliwa Nevis mwaka 1765 akiwa na miaka 12, pamoja na dada zake wawili. John Pinney akamleta Bristol awe mtumishi wake, na akafa mwaka 1798. Daraja moja la Bristol, lililofunguliwa 1999, lina jina lake.

Yule wa Bettiscombe hadithi haikumpa jina. Na hata kwao ni wapi, Nevis au Afrika, wasimulizi hawakubaliani.