Pamba Masikioni

Mtu aliyeonywa asisikie, aliyeitwa asiitike, husemwa ametia pamba masikioni. Mimi pamba hiyo nimeitia kwa mikono yangu. Ilitoka shamba la nyumbani hapa Ngulyati, nikaichambua mwenyewe mbegu moja baada ya nyingine, na tangu siku niliyoitia nimesikia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia katika nyimbo ninazozijua tangu utotoni.

Niliitia ndani ya hedifoni. Ni Yamaha HP-1, ya toleo lililoanza kuuzwa mwaka 1976. Umbo lake lilibuniwa na Mario Bellini, Mwitaliano aliyebuni pia maumbo ya mashine za Olivetti. Niliikuta Mwanza kwenye lundo la vyombo vya umeme vilivyokwisha tumika, imefungwa kamba pamoja na pasi mbili na redio ya gari. Mito yake ya masikio ilikuwa ikimeguka kama maganda ya kitunguu, waya umekatika karibu na jeki, na upande wa kulia ulikuwa kimya kabisa. Muuzaji alinitajia bei ya chuma chakavu. Nikalipa bila kuomba apunguze, nikapanda basi la Bariadi nimeipakata.

Ili msomaji aone kwa nini kitu kile kilinihangaisha, kwanza aifikirie spika ya kawaida. Ina karatasi yenye umbo la faneli, na katikati yake kuna koili ndogo iliyokaa kwenye sumaku. Umeme ukija, koili inasukumwa na karatasi inafuata. Nguvu yote iko katikati, ukingo unaburutwa tu. Sauti zikienda kasi, ukingo unachelewa na karatasi inajikunja. Wakulima wa huku watanielewa upesi: ni sawa na mtu mmoja aliyesimama katikati ya turubai la pamba akitaka kuliinua peke yake. Katikati patapanda, pembe zitabaki chini.

HP-1 haina faneli. Ina utando wa plastiki wenye unene wa mikroni chache tu, ilhali unywele wa mtu ni kama mikroni 70. Juu ya utando huo kumechapwa njia ya metali inayozunguka kutoka katikati hadi ukingoni, kama ukili unavyozungushwa mtu akishona kitako cha kikapu. Utando umekaa kati ya sumaku mbili bapa zenye matundu, moja mbele na moja nyuma, bila kugusa yoyote. Umeme ukipita, utando unasukumwa mahali pote kwa wakati mmoja. Turubai sasa lina watu pande zote, na mmoja akisema haya, linanyanyuka lote.

Yamaha waliuita mfumo huo Orthodynamic. Fostex, kampuni iliyoanzishwa Japan mwaka 1973, waliita wa kwao Regular Phase, na Wharfedale wa Uingereza wakachagua Isodynamic. Marekani, Jim Winey alikuwa ameanzisha Magnepan tangu 1969, akitengeneza spika za sebuleni zenye kimo cha mtu kwa wazo lilelile. Kisha mtindo ukafifia kwa miaka mingi. Siku hizi umerudi kwa kishindo, na kampuni kama Audeze na HiFiMan huuza hedifoni za utando kwa bei ya ng'ombe wawili watatu, nyingine kwa bei ya kundi zima. Kwa mtu wa kipato changu, njia iliyobaki ni kufufua za zamani, na sijutii hata kidogo.

Ufundi wa kufungua vitu niliupata kwa mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza redio gulioni. Alikuwa na kazi nyingi kila baada ya mauzo ya pamba, kwa kuwa enzi zile mkulima akishalipwa alinunua baiskeli na redio, na aliyekuwa na redio tayari aliileta itengenezwe. Nyingi zilikuwa National, za kiwanda cha Matsushita kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1966, na nyingine Philips zilizotoka Arusha. Mzee hakuwa na haraka na bisibisi. Aliweka sikio kwenye redio, akazungusha kitufe cha sauti polepole, akasikiliza mkwaruzo unaanzia wapi na unaishia wapi. Nilipokuwa nakimbilia skrubu alinizuia mkono: "Mwanangu, usikifungue kitu hujakisikiliza." Nilimjibu "Ndiyo, baba," huku moyoni nikiona ananichelewesha. Ilinichukua miaka kujua kwamba alikuwa amenipa nusu ya kazi nzima.

Basi nikaisikiliza HP-1 upande mmoja uliokuwa hai kwa wiki nzima kabla ya kugusa skrubu. Kisha nikapima. Kiwandani iliandikiwa ukinzani wa omu 150. Kushoto mita ilionyesha 149. Hilo ni jambo moja zuri la hedifoni hizi: za koili ukinzani wake hupanda na kushuka kadiri mlio unavyobadilika, lakini za utando hubaki karibu palepale, hivyo mita ya bei ndogo inakuambia ukweli. Kulia mita haikuonyesha kitu. Kulikuwa na mkato mahali fulani kati ya jeki na utando.

Nilipoufungua upande ule nikakuta mkato ulikuwa pale waya unapolehemiwa kwenye utando wenyewe, mahali pabaya kuliko pote. Joto la pasi ya kulehemu likikaa pale kwa kuhesabu hadi tatu, plastiki inajikunyata na hakuna tena cha kufufua. Nilikibana kiungo kwa kibano cha shaba nyeupe ili kibano kilinyonye joto kabla halijafika kwenye utando, nikagusa, nikaondoa. Nilifanya mazoezi ya mguso huo jioni mbili nzima kwenye vipande vya filamu ya kaseti mbovu. Jioni ya tatu nikagusa chenyewe. Mita ikasoma 151. Nilikaa kimya kwa muda mrefu nikiitazama ile namba.

Vumbi ni adui asiyesemwa sana na watu wa nchi za baridi. Udongo wetu wa kichanga, ule Wasukuma wanaouita luseni, una chembe nyeusi za chuma. Watoto huku huburuta sumaku ya spika kwenye mchanga kwa uzi, ikatoka na ndevu. Chembe moja tu ikiingia kati ya sumaku na utando, hedifoni itakwaruza hadi itolewe. Kwa hiyo sifungui kitu Julai wala Agosti upepo unapotimua. Nangoja mvua inyeshe, vumbi lilale, natandika kanga mbichi mezani, ndipo nafungua. Chembe zilizokwisha kuingia nazitoa kwa selotepu niliyoizungusha kwenye kijiti, upande wa gundi ukitazama nje, nikidonoa moja moja. Bisibisi ya chuma haisogei karibu, kwa maana sumaku ikiivuta ghafla itautoboa utando. Pale natumia njiti ya mti.

Hadi hapo ni matengenezo. Yanayofuata ndiyo niliyotaka hasa kuyasifu.

Hedifoni ilikuwa hai pande zote mbili, lakini haikuwa nzuri. Bezi ilivuma kama mtungi mtupu, na herufi "s" katika uimbaji zilichoma sikio. Sababu ilikuwa kitambaa kilichowekwa kiwandani nyuma ya utando, ambacho kilikuwa kimekwisha kuwa unga. Utando unaposukuma hewa kwenda sikioni, unasukuma pia hewa kwenda nyuma. Hewa hiyo inagonga kikombe cha plastiki, inarudi, inapenya utando na kufika sikioni imechelewa, ikijichanganya na sauti iliyo halali. Tena utando ni kama ngozi ya ngoma. Wapigaji wa Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana Usukumani baada ya mavuno, huipasha ngoma motoni kwanza ngozi ikaze, na ngozi ikishakaza ina mlio wake inaoupenda, itaurudia hata usipoutaka. Kwa mpiga ngoma hiyo ni neema. Kwa hedifoni ni kasoro, kwa kuwa yenyewe haitakiwi kuwa na wimbo wake. Kinachohitajika nyuma ya utando ni kitu cha kuizuia hewa kidogo, isisimame wala isikimbie.

Kwanza nilishughulikia vikombe, ambavyo vilitetemeka. Wapenzi wa hedifoni wa Ulaya na Marekani hupaka ndani yake udongo laini wa kuchezea watoto. Mimi nilipaka wa mfinyanzi. Ukakauka, ukapasuka, ukadondosha vumbi hatua moja kutoka kwenye sumaku, nikalazimika kufungua na kusafisha upya kwa siku nne. Baadaye nikajaribu nta ya nyuki, tabaka nyembamba kama ukucha. Haikauki, haipasuki, na inaua mtetemo. Tangu hapo sijatafuta kingine.

Kisha pamba. Mkoa wetu wa Simiyu ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Pamba iko hapa kwenye miti, kwenye magunia, na wakati wa mauzo hata kwenye nyasi za kando ya barabara. Nilichukua ya chaguo la kwanza, ile iliyofunguka vizuri bila doa, nikaitoa mbegu kwa vidole, nikaondoa vipande vya majani, nikaivuta hadi nyuzi zote zielekee upande mmoja. Kazi hiyo inaitwa kuchambua, na sijui kama kuna neno lenye haki zaidi. Kuchambua pamba, kuchambua shairi, kuchambua hesabu za kijiji: katika yote unatenga kinachofaa na kilichong'ang'ania pamoja nacho. Hedifoni nzuri nayo inachambua. Gitaa la pili linatengana na la kwanza, na mwitikio unatengana na kiongozi.

Mara ya kwanza nilijaza ngumi nzima kila upande. Bezi ikafa, na mwimbaji akawa kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Nikatoa nusu. Nikatoa tena. Nikaweka karatasi ya chujio la chai mbele ya pamba, nikaiondoa. Kila badiliko nililisikiliza siku mbili, kwa sababu sikio huzoea haraka na usiku wa kwanza kila kitu kipya kinapendeza. Nilisikiliza kwa wimbo uleule, kwa sauti ileile, kutoka kwenye redio kaseti ya zamani inayotumia betri ya gari. Simu haina nguvu ya kusukuma omu 150 ipasavyo, na betri haileti ule mngurumo wa umeme wa nguzo. Baada ya majaribio tisa nikabaki na utandu wa pamba mwembamba kiasi kwamba ukiuweka juu ya gazeti unasoma vichwa vya habari kupitia kwake. Kumbe kilichohitajika kilikuwa kidogo hivyo.

Usiku huo niliweka kaseti ya Morogoro Jazz. Bendi za enzi ile zilirekodi Redio Tanzania wakiwa wote chumbani kwa pamoja, wapigaji na waimbaji, mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nikijua hilo kwa kusimuliwa. Sasa nilikisikia chumba. Magitaa yalisimama kila moja mahali pake, nikasikia sakafu, na kabla ya ubeti wa pili nikasikia mwimbaji, Mbaraka Mwinshehe, akivuta pumzi. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Ile pumzi ilikuwa kwenye utepe muda wote huu, imefunikwa na redio zetu mbovu.

Wapo wanaosema chombo cha zamani kisibadilishwe kitu, na wapo wanaotoboa, wanapaka rangi, wanabadilisha hadi jina likose maana. Msimamo wangu ni huu: badilisha, ila usifanye jambo ambalo anayekuja baada yako hawezi kulirudisha. Sikutoboa vikombe wala sikutia gundi. Nta inakwanguka, pamba inatoka kwa kibano, na mabaki ya kitambaa cha kiwandani nimeyahifadhi kwenye bahasha yenye tarehe. Mito mipya niliishona kwa ngozi ya mbuzi, ya zamani ipo ndani ya boksi. Siku mtu akitaka kusikia jinsi Yamaha walivyokusudia, atapata pa kuanzia.

Kinachoniuma ni vinavyopotea kabla havijafika kwa mtu wa kuvisikiliza. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita na mizani vijiji vyote hivi, na redio ya babu ikishavunjwa, sumaku inatolewa, shaba inachunwa, plastiki inachomwa moto. Anayeuza anapata pesa ya sukari. Simlaumu. Lakini kama kabatini kwenu kuna hedifoni nzito ya zamani, redio ya National isiyolia, spika iliyochanika karatasi, usiitie kwenye mizani kwanza. Ipitishe Ngulyati tuipime. Kupima ni bure, na mara nyingi kilichokatika ni waya mmoja.