Gitaa Lile Halikustahili Msumeno

Mliokuwapo kwenye onyesho la Jumamosi mlisikia wenyewe. Ilikuwa balladi ya pili, mpiga gitaa akauachia uzi wa tano ulie wazi chini ya kodi, na spika zikamjibu kwa mvumo mnene uliopanda mpaka mpiga besi akageuza shingo. Fundi mitambo akarukia meza yake. Tangu hapo gitaa likashushwa, likakatwa besi, na muda wote uliobaki tukasikilizishwa sauti nyembamba isiyo na mwili.

Lawama zote amebebeshwa fundi mitambo. Mafundi mitambo wa mji huu wananijua, nimewasema sana kwenye safu hii na nitaendelea kuwasema, lakini safari hii naomba waachwe. Kosa lilishafanyika kabla gitaa halijaingia ukumbini: siku mwenyewe alipokubali uso wa gitaa lake ukatwe kwa msumeno.

Gitaa mnalikumbuka. Ni lile la kuchonga, lenye uso uliobinuka na matundu mawili ya f. Hapo awali lilikuwa na pikapu moja ya kuelea, imeshikizwa kwenye pikigadi, haigusi ubao popote. Sasa lina pikapu mbili za hambaka zilizozamishwa ndani ya uso wenyewe, moja jirani na shingo, nyingine jirani na daraja, pamoja na vitufe vinne na swichi. Mwenye gitaa simtaji. Anapiga vizuri mno kwa aibu hii.

Tuelewane kilichokatwa. Uso wa gitaa la namna hii ni kipande cha sprusi kilichochongwa kwa mkono, kinene katikati na chembamba kuelekea kingoni, na kwa ndani kimebebwa na mihimili miwili. Nyuzi zinakandamiza daraja, daraja linausukuma ubao, ubao unaisukuma hewa. Hiyo ndiyo injini nzima, hakuna nyingine. Ukitoboa mistatili miwili kati ya shingo na daraja, unaondoa mbao palepale inapofanya kazi, kisha unaning'iniza sumaku na shaba juu ya kile kilichobaki. Kabla ya onyesho alilipiga kavu, bila waya, nikiwa hatua chache tu kutoka kwake. Nilisikia kucha ikigonga uzi, na nyuma ya kucha hakukuwa na kitu.

Najua utetezi wake, maana mafundi wote wanaouza kazi hii wanaimba wimbo mmoja: pikapu ya kuelea inavuma, ukiizamisha mvumo unaisha. Hapo ndipo historia inaposomwa nusu. Ni kweli Gibson walizamisha pikapu mbili kwenye gitaa lao la L-5 mwaka 1951, wakaiita L-5CES. Lakini hawakuchukua ubao mwepesi uliotengenezwa kupigwa kavu wakautoboa. Waliunenepesha ubao na mihimili yake tangu mwanzo, wakijua wanaiuza sauti kavu ili wanunue utulivu jukwaani. Na miaka miwili kabla ya hapo, kwenye ES-175, waliachana kabisa na ubao wa kuchonga, wakatumia mbao za kubandikwa tabaka kwa tabaka. Jim Hall na Joe Pass walijengea majina yao juu ya mbao hizo, na hakuna aliyewacheka. Unene ndio unaotuliza mvumo, si shimo. Huyu wetu amelibakiza gitaa na ubao wake mwembamba, akaongeza matundu. Sauti kavu imekwenda, na mvumo, kama mlivyosikia kwenye ule uzi wa tano, umebaki.

Kuna atakayenitolea Charlie Christian. Amtoe tu. ES-150 yake ilikuwa na pikapu ya mhimili iliyofungwa kwenye ubao kwa skrubu tatu zinazoonekana usoni, lakini lile lilikuwa gitaa la umeme tangu lilipozaliwa mwaka 1936. Hakuna aliyeua gitaa jingine ili kulipata. Na angalieni pikapu ilivyowekwa: moja tu, mwisho wa ubao wa vidole, ambako uzi unacheza kwa upana na sauti ya msingi inatoka nene. Ukiisogeza kuelekea daraja, unapata ukali na kupoteza unene. Ni sauti nzuri kwa solo la dansi, si kwa balladi ya Jumamosi. Wes Montgomery aliliona hilo akaagiza L-5 zenye pikapu moja. Basi ile hambaka ya darajani ilikatiwa mbao ya kazi gani? Usiku kucha nilikuwa naitazama ile swichi, na sikuona mkono wake ukienda huko.



Kwa mpiga gitaa Johnny Smith tatizo hili la kupata umeme bila kuua ubao lilishamalizwa zamani. Gitaa lililobeba jina lake kule Gibson, la mwaka 1961, lilitoka na hambaka ndogo ya kuelea, na ubao haukukatwa hata kidogo. Ulikuwa unasikia umeme na mbao kwa pamoja. Freddie Green naye alikaa na bendi ya Count Basie miongo kadhaa akipiga rizimu kavu katikati ya mapulizo yale yote, na akasikika. Hao walianza na masikio. Siku hizi tunaanza na picha: kijana anaona hambaka mbili za dhahabu kwenye simu, anazitaka, fundi anampa. Nasema hivi kila mwaka na kila mwaka napokea matusi. Tangu enzi za Morogoro Jazz na Western Jazz hatujawahi kukosa vidole nchi hii. Tunachokosa ni mtu wa kutuambia "usifanye".

Mvumo wenyewe una dawa za bei rahisi. Sogea pembeni ya ampu, usilielekeze gitaa kwenye spika. Ziba matundu ya f kwa sponji. Omba monita ishushwe, na fundi mitambo akate kipande chembamba tu karibu na hertz 110, ambako uzi wa tano unakaa, badala ya kufyeka besi yote. Yote hayo unaweza kuyarudisha kesho asubuhi gitaa likabaki lilivyokuwa. Ubao uliokatwa haurudi.

Kwa hiyo wewe mwenye gitaa la kuchonga kabatini, tafuta pikapu ya kuelea, funga moja, jirani na shingo. Fundi akikwambia lazima akate, lirudishe kwenye mfuko wake uondoke nalo.