Hamu, Pupa na Kiherehere: Tatizo la Visawe katika Kamusi za Lugha Mbili

Makala haya yanakusudia kuhakiki jinsi kamusi za Kiingereza na Kiswahili zinavyoyatazama maneno ya shauku na ya ukosefu wa subira. Tangu kamusi ya Madan ya mwaka 1894 hadi ile ya Johnson ya mwaka 1939, na hata baadaye, desturi imekuwa kupanga visawe mfululizo. Msomaji atafutaye neno 'eager' hupewa maneno. Aghalabu hapewi hukumu iliyomo ndani yake.

Upungufu huu si mdogo. Kwa Kiingereza, mtu aweza kuitwa 'eager' akasifiwa au akalaumiwa, kutegemea muktadha. Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua. Hamu na shauku hukaa moyoni, wala hazina lawama. Ari husifiwa. Uchu huelekea kwenye tamaa. Pupa na papara ni za mkono na mwendo: mwenye hamu ya chakula aweza kungoja sinia litengwe, lakini mwenye pupa ameshaungua ulimi. Kiherehere na kimbelembele humhukumu mtu mbele ya wenziwe, kwamba amejitia katika jambo asiloitwa. Mwanafunzi wa Msambweni aandikaye barua ya kuomba kazi, akachagua 'uchu' kutoka katika orodha ya namna hiyo, hatakuwa ameikosea kamusi. Atakuwa amewakosea watu.

Huweza kudaiwa kwamba Kiswahili hakina neno la 'impatience', kwa kuwa twasema 'hana subira', yaani kwa kukanusha. Dai hili halina uzito. Neno la Kiingereza lenyewe ni kanusho la neno la Kilatini lenye maana ya kuvumilia. Kadhalika 'anxious' hubeba wasiwasi na hamu kwa pamoja. Nayo hamu yetu imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya wasiwasi na majonzi.

Jambo la pili ni methali. Huko Diani mgeni huuziwa 'pole pole' kana kwamba ndiyo falsafa nzima ya Mswahili. Ni kweli kwamba 'Haraka haraka haina baraka'; lakini lugha iyo hiyo yasema 'Ngoja ngoja huumiza matumbo' na 'Chelewa chelewa utakuta mwana si wako'. Mvuvi wa Gazi au Shimoni huahirisha safari kusi inapovuma kwa nguvu, na hapana amwitaye mvivu. Bahari ikitulia naye akalala, hulaumiwa. Kwake subira ni kipimo cha wakati, wala si tabia ya kuzaliwa. Nusu ya methali ikichukuliwa kuwa yote, mtu wa pwani huonekana hana haraka kwa asili yake, na sifa hiyo humfuata hata mlangoni kwa mwajiri.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kisawe kiambatane na sentensi ya mfano. Pili, pawepo alama ya kuonyesha sifa au lawama. Tatu, wakusanyaji wasiishie kwenye Kiunguja, kilichoteuliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa usanifishaji. Waende Vanga na Wasini kwa wasemaji wa Kivumba, na Funzi kwa wale wa Chifundi. Tena wakilinganishe na Chidigo, lugha jirani ya Wakwale wengi. Kazi hii yafaa ianzwe wazee wenye lahaja hizo wangali hai.